Mchumba wa Laini ya Kisumu

Siku mwanamke anayoisubiri kwa hamu ndiyo siku vyombo vinapomponyoka mkononi. Safinah alikwisha vunja kikombe, amemwaga maji ya udhu ya baba yake, na sasa alikuwa anafunga upya gurbaba, ile nguo ya Kinubi ambayo mama yake aliitunza tangu harusi yake mwenyewe. Ilikuwa imechakaa kidogo pindoni, lakini rangi yake bado ilisema.

"Weye msichana, simama mahali pamoja," Akullo alimwambia akicheka. "Unazunguka kama kuku anatafuta mahali ya kutaga."

"Nikikaa nitalia."

"Basi lia sasa, kabla wakwe hawajafika. Wakikukuta na macho nyekundu watasema unavuta bangi."

Akullo alikuwa rafiki yake wa kazini. Wote wawili walikuwa maopereta katika chumba cha simu pale Nakasero, vipokea sauti masikioni kutwa nzima, wakiwaunganisha watu wa Kampala na watu wa mbali. Kazi hiyo ndiyo iliyomletea Safinah mapenzi. Ndiyo iliyomletea na balaa, lakini asubuhi ile alikuwa anauona upande mmoja tu.

Maana Safinah alimpenda Abubaker kabla hajamwona. Wenzake walimcheka sana kwa jambo hilo, na hata mimi nisingekosa kumcheka kama nisingejua yaliyofuata. Mtu wa Kampala akitaka kuzungumza na mtu wa Kisumu, opereta wa Kampala humwita opereta wa Kisumu, wakaunganisha, kisha wakakaa kusubiri wenye maneno yao wamalize. Katika kusubiri huko ndiko mambo yalikozaliwa. Mvua ikinyesha laini zilikuwa zikikatika, na wao wakabaki wanaitana. "Kisumu, unanisikia?" "Nakusikia, Kampala. Hata ukinyamaza nakusikia." Maneno ya namna hiyo, msomaji wangu, yamewaponza wengi.

Wakaja kugundua kwamba wote ni Wanubi. Yeye Safinah wa Bwaise, yeye Abubaker wa Kibos, nje kidogo ya Kisumu, na babu zao walitoka Sudan katika jeshi moja la Mzungu, wakaachwa mmoja upande huu wa mpaka na mwingine upande ule. Lugha moja, msikiti mmoja, hata nyimbo za harusi ni zilezile. Hapo mapenzi yakajiona yamepata na ruhusa.

Abubaker alipopewa likizo alikuja Kampala bila kumwarifu. Alisimama sokoni Nakasero amefumba macho katikati ya mafungu ya nyanya, watu wanampita wakidhani ni kipofu, mpaka alipoisikia sauti ya msichana anayebishana na muuza vitunguu. Akafumbua macho, akasema, "Kampala, nakusikia." Safinah akaviangusha vitunguu vyote. Nani asingeviangusha?

Sasa posa ilikuwa inakuja. Abubaker alikuwa yatima aliyelelewa na shangazi yake, Bi Maimunah, na mwanamke huyo ndiye aliyekuwa njiani kutoka Kisumu kuja kumwona binti na kusema neno la mwisho. Akimpenda, harusi. Asipompenda, Abubaker hakuwa na mwingine wa kumsemea.

Ugumu ni kwamba Kampala ya mwaka ule wa sabini na saba ilikuwa imekaukiwa. Maduka yalikuwa wazi na ndani hamna kitu. Sabuni ilikuwa hadithi, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na sukari ilivushwa mpaka wa Busia kwa magendo, ikifika mjini bei yake haitamkiki. Mama yake Safinah alikuwa amepita nyumba hadi nyumba na bakuli lililofunikwa leso, na kila jirani akatia alichonacho. Waislamu walitia, Wakristo walitia, hata yule mama wa Kiganda waliyegombana naye juu ya mfereji alitia, akasema, "Banange, jamani, wageni wa Kenya wasije wakatucheka." Sukari ile ilikuwa ya Bwaise nzima.

Adhuhuri ikapita kidogo, teksi ikasimama barabarani. Wakashuka watatu. Mbele alikuwa mzee wa msikiti wa Kibos, aliyeletwa kwa ajili ya kusema maneno ya posa. Aliyasema vizuri, akala vizuri, kisha akasinzia kitini, na hatutamsumbua tena. Nyuma yake Bi Maimunah, mwanamke mnene, mwenye mwendo wa polepole na macho ya haraka. Mwisho Abubaker, amebeba sanduku kubwa la bati begani, shati jeupe limemlowa jasho.

Safinah alimwona kupitia pazia. Abubaker naye akainua macho moja kwa moja mpaka pale pazia lilipo, akatabasamu.  Kijana alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri, na kwa kuwa Safinah alijua ni nani aliyemkosesha usingizi, akaona uso huo ni mzuri kuliko zote duniani.

Mzee Muhamadi, baba yake Safinah, aliwapokea mlangoni amevaa kanzu na koti lake la zamani. Alikuwa amestaafu katika bendi ya polisi, mpiga tarumbeta, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Karibu, karibu sana. Nyumba iko ndogo lakini roho iko kubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tumekaribia, kaka," alisema Bi Maimunah.

Wakaketi. Mama Safinah akaleta chakula kimefunikwa kwa tabaga, lile kawa la rangi nyingi ambalo Mnubi yeyote huwawekea wageni wake wa heshima, akalifunua mbele ya Bi Maimunah. Kisra nyembamba, ule mkate wa Kinubi, na bamia, na kuku. Bi Maimunah alilitazama kawa kwanza, akalipapasa msuko wake kwa kidole.

"Hili limesukwa na nani?"

"Na Safinah," mama yake alijibu upesi.

"Ana mkono." Akatabasamu, na Safinah, aliyekuwa amepiga magoti na birika la kunawisha wageni, akapumua.

Walikula. Wakasifu. Kisha ikaja chai, na hapo Mama Safinah mwenyewe alisimama kumimina, maana chai ile ndiyo ilikuwa fahari ya siku. Bi Maimunah akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini, akamgeukia Abubaker kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe sukari wanayo? Si uliniambia hawana?"

 Akullo, aliyekuwa mlangoni na sahani, aligeuka akaangalia nje. Mama Safinah alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Tunapata, tunapata," alisema. "Mungu hamtupi mja wake."

"Alhamdulillahi. Basi hivi vitawasaidia zaidi," alisema Bi Maimunah, akavuta lile sanduku.

Sanduku la bibi harusi kila Mnubi anajua linabeba nini. Nguo za kupendeza, udi, manukato, mafuta ya kujipaka, pengine na kiatu. Hufunguliwa mbele ya watu ili wanawake wapige vigelegele. Mama Safinah alikwisha jiweka tayari, ulimi uko mahali pake. Bi Maimunah akafungua.

Ndani mlikuwa na miche ya sabuni, imepangwa kama matofali. Mlikuwa na chumvi, sukari, mafuta ya kupikia, viberiti. Nguo haikuwamo hata moja.

Kigelegele kilimfia Mama Safinah kinywani. Lakini mkono wake, maskini, ulikuwa umekwisha nyooka wenyewe ukaugusa mche wa sabuni, na uso wake ukapitiwa na tamaa ambayo hakuwahi kuificha kwa wakati. Safinah aliiona. Aliona na baba yake ameiona. Hakuna kitu kilichomuuma siku ile kupita mkono ule wa mama yake.

"Abubaker ndiye aliyechagua," alisema Bi Maimunah kwa wema. "Alisema nguo zitasubiri. Alisema msichana mwenyewe anaoga kwa majani ya papai. Nikasema la haula! Mtoto wa watu?"

Safinah akainamisha kichwa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alimwambia Abubaker siku moja ya mvua, laini imekatika, anacheka: "Leo nimeoga kwa majani ya papai, nanukia kama mchicha." Ulikuwa mzaha wa mtu na mpenzi wake. Sasa mzaha huo umekaa katikati ya sebule, baba yake anausikia.

Mzee Muhamadi aliliangalia sanduku kwa muda mrefu.

"Asante," alisema mwishowe. "Lakini naomba kuuliza, dada yangu. Sanduku hii iko ya bibi harusi, ama iko ya wakimbizi?"

"Kaka, usikasirike."

"Mimi hapana kasirika. Mimi nauliza."

"Basi na mimi nitakujibu." Bi Maimunah alikaa sawasawa. Wema haukumtoka usoni, ila uliongezewa kitu kingine, cha zamani. "Wewe hunikumbuki, lakini mimi nakukumbuka. Nilikuja mji huu nikiwa msichana, na mama yangu, kwa harusi ya jamaa zetu wa Kibuli. Kampala wakati huo ilikuwa Kampala. Sisi tulitoka Kibos miguu mitupu, tuna vumbi la mashamba ya miwa. Wanawake wenu walituita watu wa miwa. Wakatuweka nyuma ya jiko, tukala na watumishi. Wewe ulikuwa kijana wa bendi, kofia nyekundu, tarumbeta linang'aa. Ulipita pale nyuma ukasema, 'Hawa nao wamealikwa?' Wenzako wakacheka."

 Mzee Muhamadi alikuwa amekumbuka. Ilionekana shingoni mwake.

"Mimi sikuja kulipiza," Bi Maimunah aliendelea. "Ningetaka kulipiza ningekuja mikono mitupu nikawaangalia mnavyoishi, nikarudi. Nimekuja kwa sababu kijana huyu hali wala halali. Msichana nimempenda. Ana adabu, ana mkono, na damu ni yetu. Tunamchukua. Ila kuna jambo moja, na afadhali liwe wazi leo kuliko kesho."

"Sema," alisema Mzee Muhamadi.

"Kule kwetu, msichana wa Kampala ana jina baya. Sisemi ni haki. Nasema liko. Wanavuka Busia wengi, wamekonda, wengine wanakaa kwenye mabaa ya Kisumu, na mtu akisema mke wake katoka Kampala, wenzake wanamuuliza alimnunua kwa miche mingapi ya sabuni. Nina binti wa kuozesha. Sitaki nyumba yangu iulizwe hivyo. Kwa hiyo tutasema ni wa Kibigori, Mnubi wa Kenya. Tutasema ni yatima, amelelewa na shangazi yake. Harusi tutaifanyia Kibos." Akashusha sauti. "Na nyinyi msije."

Mama Safinah akashika kifua. Safinah hakumtazama mama yake, wala baba yake, wala Bi Maimunah. Alimtazama Abubaker. Abubaker alikuwa anaangalia sakafu, na kwa jinsi alivyokuwa anaiangalia, Safinah alijua kwamba hayo hakuyasikia leo.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "naomba ruhusa niseme naye nje."

"Nenda. Akullo aende na nyinyi."

Nyuma ya nyumba mvua ya juzi ilikuwa bado haijaondoka. Maji ya Bwaise hayana haraka. Huingia bila kubisha hodi na kutoka yanapochoka. Akullo alisimama mbali kidogo juu ya tofali, akajifanya anasoma nguo kwenye kamba.

"Ulijua?" Safinah aliuliza.

"Safinah, nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza neno moja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwambia nakutaka. Aliniambia masharti yake siku hiyohiyo."

"Na kila siku tunaongea. Kila siku unaniambia umeota nini, umekula nini. Hili halikupata nafasi?"

"Niliogopa utakataa." Abubaker akamsogelea, akakumbuka Akullo, akasimama. "Ni maneno tu, mpenzi. Watu waseme wanavyosema, mimi najua wewe ni nani."

"Ukijua wewe peke yako inatosha?"

"Kwangu inatosha."

"Mimi hainitoshi. Mama yangu yuko hai, Abu. Yuko ndani pale, anakuna mikono hajui aiweke wapi. Nitasemaje amekufa?"

"Nilibishana na Shangazi."

"Ulibishana kiasi gani? Hata mimi kwa vitunguu nilibishana zaidi."

Abubaker alitaka kucheka na kulia, akakosa vyote viwili. Alilisugua paji lake la uso.

"Hujui ninavyokaa pale kazini," alisema. "Nasubiri taa yenu iwake. Ikiwaka, nashukuru. Isipowaka, nakuwa kama mwendawazimu, nadhani umepatwa na jambo. Zile siku ulizougua malaria, nilimuuliza Akullo mpaka akanitukana. Muulize."

"Alinitukana na yeye," Akullo alisema kule aliko, kisha akakumbuka kwamba hasikilizi.

"Hilo la papai," Safinah alisema.  "Nilikuwa nacheka nilipokuambia. Na wewe ulicheka."

"Nilicheka. Kisha tukaachana, nikaenda chooni nikalia."

Safinah hakuwa amelitazamia jibu hilo. Alimwangalia mwanamume huyu aliyelia kwa ajili yake, na moyo ukamwendea wote, bila kubakiza. Ndiyo maana aliuliza swali ambalo mwanamke mwenye busara asingeliuliza, kwa kuwa alitaka sana jibu lake liwe zuri.

"Basi hamia wewe huku. Tuoane hapa. Tutakula tutakachopata."

"Nije nifanye nini huku?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Alikuwa ameinua na mkono, akionyesha maji, mabati, na kanzu moja ya Mzee Muhamadi kwenye kamba, imefuliwa kwa maji matupu. Aliushusha mkono upesi, lakini ulikwisha onekana.

"Sikutaka kusema hivyo."

"Najua," Safinah alisema. "Ungetaka ungesema vizuri zaidi."

 Akullo alipenga kamasi kwa pindo la nguo yake. Huko ndani Mzee Muhamadi akaita.

Waliporudi sebuleni, sanduku lilikuwa palepale, limefunguliwa. Mzee Muhamadi alikuwa amevua koti lake na kuliweka magotini, na bila koti alionekana mdogo. Safinah alisimama mlangoni. Alidhani atasikia tarumbeta la kukataa, maana baba yake alijulikana Bwaise nzima kwa ukali wa fahari yake.

"Mimi na mama yako tumesema," Mzee Muhamadi alianza. "Hii dada amesema kweli. Mimi nilicheka watu. Leo mimi nachekwa. Dunia iko namna hiyo."  "Mtoto yangu, mimi nakubali. Nenda. Wakisema wewe iko ya Kibigori, sema ndiyo. Wakisema baba amekufa, sema ndiyo, Mungu amrehemu. Mimi sitasikia vibaya."

"Baba!"

"Ngoja. Nataka kuuliza hii kijana neno moja, basi nimalize." Akamgeukia Abubaker, na akamwongelesha kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuvumilia kuliko ukali. "Wewe iko kwa simu ya Kisumu. Mimi ni mzee, siku yangu itafika. Watu ya hapa watapiga simu kusema Muhamadi amekufa. Wewe ndiyo utapokea. Utamwambia bibi yako?"

"Nitamwambia, Mzee. Wallahi nitamwambia siku hiyohiyo."

"Vizuri. Na yeye atalia wapi?"

 Abubaker alimtazama Safinah, akamtazama shangazi yake. 

"Baba yake alikwisha kufa zamani, watu wote wanajua," Mzee Muhamadi alisema taratibu. "Sasa huyu mwanamke analia nini? Jirani atauliza. Ndiyo mimi nauliza mbele."

"Chumbani," alisema Bi Maimunah. "Atalia chumbani. Tutasema anaumwa kichwa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mambo ya nyumbani, anayetaka kila jambo liwe na mahali pake, na ndani ya macho yake ya haraka mlikuwa na huruma.

Mama Safinah akaanza kulia, na hata kulia kwake kulikuwa kwa kumsukuma binti yake mbele. "Nenda, mwanangu. Nenda tu. Utakula, utavaa, utazaa watoto wenye afya. Mimi nitajua uko mzima. Mama anataka nini zaidi?"

Safinah alimtazama Abubaker kwa mara ya mwisho kwa macho ya mchumba. Alimpa nafasi. Angesema neno moja, hata baya, hata la kumgombeza shangazi yake na kupoteza nyumba, Safinah angevuka Busia naye kwa miguu siku hiyohiyo. Alingoja. Kule nje mtoto wa jirani alikuwa anaita mbuzi. Abubaker akasema, "Itakuwa kwa muda tu, Safinah. Mpaka watu wazoee."

Mapenzi hayafi kwa neno kama hilo. Yangekufa ingekuwa nafuu. Yanabaki yote, mazima, na mtu hana pa kuyapeleka.

"Shangazi," Safinah alisema, akapiga magoti mbele ya Bi Maimunah kwa heshima zote. "Nakushukuru kwa kunipenda. Najua umekuja kwa wema, na najua safari ilikuwa ngumu. Yale mliyofanyiwa hapa zamani, namwombea baba yangu msamaha."

"Nimekwisha msamehe, mwanangu."

"Lakini mimi siwezi kuwa yatima na wazazi wangu wanakula."

"Fikiri vizuri. Usichome nyumba kwa sababu ya panya."

"Nimefikiri, Shangazi."

"Mtoto yangu, mimi nimekubali," Mzee Muhamadi alisema, na sauti ilimpasuka.

"Wewe umekubali, Baba. Mimi ndiye sijakubali."

 Bi Maimunah akamwekea mkono kichwani, akausahau pale kidogo, akasimama kumwamsha mzee wake wa maneno. Mama Safinah alilifunga sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Alirudisha ule mche wa sabuni aliougusa, akaunyoosha ulingane na mingine, akapitisha kiganja juu yake, akafunika. Bi Maimunah alisema, "Yabaki tu, dada, tafadhali." Mama Safinah akatikisa kichwa.

Mgeni husindikizwa hata kama ameondoka na roho yako. Safinah na Akullo walitembea nao mpaka Bombo Road, Akullo ametangulia na Bi Maimunah, Abubaker nyuma na sanduku begani, na Safinah kando yake. Watu walikuwa milangoni wamekwisha jua, maana Bwaise habari hufika kabla ya mwenye habari.

"Sema kitu," Abubaker alimwomba.

"Nikisema nitaenda na wewe. Kwa hiyo acha ninyamaze."

"Nitarudi peke yangu. Nitamshawishi."

"Usirudi mpaka uwe umemshinda. Na ukimshinda, usichelewe."

"Nikichelewa?"

 Teksi ilikuwa imesimama, dereva anapiga honi, Bi Maimunah amekwisha kaa na mkoba wake mapajani. Abubaker alilitupa sanduku nyuma ya gari kama mtu anayelichukia, akarudi mbio kwake, akasimama karibu kuliko inavyofaa mbele za watu.

"Jumatatu niko zamu ya asubuhi," alisema, machozi yakimtiririka bila aibu. "Nikipiga, utapokea?"

"Wewe piga," Safinah alisema. "Atapokea mwenye zamu."

Akamwona anaelewa. Akamwona anaingia garini, anafunga mlango, mlango haufungi, anaufunga tena. Gari likaondoka kuelekea mjini, na kutoka mjini kwenda Jinja, na kutoka Jinja kwenda Busia, na yeye akasimama akilitazama mpaka halikuwa gari tena, lilikuwa vumbi la magari mengine.

Kisha Safinah akalia. Akullo alimvuta mkono, "Twende ndani, nyabo, dada yangu, watu wanaangalia," lakini hakwenda. Alilia palepale barabarani, kwa sauti, nguo ya harusi ya mama yake mwilini. Wanawake waliotia sukari kwenye bakuli walitoka mmoja mmoja wakaja wakamzunguka, na hakuna aliyemuuliza analia nini.